Mandolini ya Shingo Mbili

Mtuhumiwa huyu alikuwa wa ajabu. Tangu akamatwe jana mchana hakuomba wakili, hakuomba dhamana, hakuomba hata simu ya kumwambia mkewe asimwekee chakula. Aliomba kitu kimoja tu: mandolini isiwekwe juani, na mtu asijaribu kukaza nyuzi, maana gundi haijashika vizuri.

Inspekta Praxeda aliisoma sentensi hiyo mara mbili kwenye maelezo, akainuka na kuvuta pazia. Ilikuwa saa mbili asubuhi na jua la Tanga lilikuwa limekwisha kufika ukingoni mwa meza. Katika miaka yake kumi na tisa ya kazi alikuwa ameona wezi wa kila namna, ila mwizi wa kuionea huruma mali aliyoiiba, huyu alikuwa wa kwanza.

Kesi yenyewe, ukiisoma kwenye jalada, ilikuwa nyepesi. Badr, mpiga mandolini wa vikundi vya taarabu vya zamani, alifariki miezi mitatu iliyopita nyumbani kwake Raskazone. Aliacha mjane, Bi Shamsiya, na watoto wawili, Ziyad na Huwaida. Mandolini yake ilikuwa ikitundikwa kwenye msumari chumbani. Jumatatu Ziyad aliingia chumba hicho kubadilisha balbu, akakuta msumari mtupu. Jirani akasema wiki tatu nyuma alimwona Abrahamu, fundi wa Pongwe anayetengeneza magita, akitoka upande wa uani na pikipiki, amepakia kitu kilichofungwa kwa kanga. Askari wakaenda Pongwe, wakaikuta mandolini imebanwa kwenye jiliwa la mezani, imekatwa mwisho wake na kuungwa shingo ya pili. Fundi akakubali kuwa yeye ndiye aliyeikata. Alipoulizwa nani alimpa, akanyamaza. Kesho Ijumaa saa tatu angepelekwa mahakamani, na kwa kimya kile angefungwa tu, tena wala hakimu asingekuna kichwa.

Praxeda alitandika gazeti mezani na kuiweka mandolini juu yake. Vijana wa mapokezi walikuwa wamekwisha kuipa jina, wanaiita kasia, na kweli ilifanana na kasia la pande mbili: shingo ya zamani, nyeusi kwa jasho la mikono, ilitoka kushoto, shingo mpya ya mbao za mkangazi ilitoka kulia, katikati tumbo moja dogo la mviringo, na nyuzi zimelegea kote kuwili. Aliyeandika hati ya mashtaka alisema mali "imeharibiwa". Huyo alikuwa hajaitazama. Pale iliposhikana shingo mpya na tumbo, Praxeda alipitisha ukucha, ukateleza bila kukwama. Mtu mharibifu hapigi msasa hivyo.

Akachukua kioo cha kukuzia. Juu ya kila shingo kulikuwa na kipande cha mfupa chenye mikato ya kupitishia nyuzi. Mfupa mpya ulikuwa na mikato mipana upande mmoja, kwa nyuzi nene, na myembamba upande wa pili. Mfupa wa zamani ulikuwa umeliwa kwa upana pande zote mbili. Alifikiri kidogo. Nyuzi za shingo ile ya zamani zilikuwa zikigeuzwa, mara nene ziwe juu, mara ziwe chini, tena si mara moja wala mbili. Na shingo mpya ilifungwa kinyume moja kwa moja. Ilikuwa ya mtu wa mkono wa kushoto.

Kwenye bahasha ya vielelezo kulikuwa na vitu vitatu vilivyochukuliwa karakana. Cha kwanza ni vipande viwili vya uzi mweupe, kimoja kirefu kuliko kingine, kila kimoja kimepigwa fundo miishoni. Cha pili ni karatasi ya mchoro: fundi alikuwa amechora mandolini hii hii, ila tumbo pana kama sinia, na mtu mwingine akalipiga mstari wa wino tumbo hilo pana, akaandika pembeni kwa mkono unaotetemeka: *Hapana. Libaki lilelile.* Cha tatu ni ile kanga. Praxeda aliikunjua, akainusa. Ilinuka sabuni ya mche, basi. Akainusa tena, ikabaki kuwa sabuni ya mche.

Akaagiza Abrahamu aletwe. Alikuja mzee mrefu wa miaka sitini na mitatu, Mbondei, mzee wa kanisa la Kilutheri, mwenye vumbi la mbao hadi kwenye nyusi. Praxeda alimwamkia shikamoo kama angemwamkia barabarani, akamvutia kiti. Macho ya mzee yalikwenda moja kwa moja mezani, yakapita kwenye shingo zote mbili, kisha akashusha pumzi.

Praxeda alimuuliza maswali yale yale ya jana, akajibiwa yale yale. Nani alimwagiza? Mwenye kazi. Mwenye kazi ni nani? Kimya. Mkewe je, anajua? Mkewe anajua kwamba yeye si mwizi. Mwishowe Praxeda akamsogezea ile karatasi.

"Mwandiko huu si wako, mzee wangu. Ni wa aliyeagiza. Ungeitoa hii jana, huenda ungelala kwako. Kwa nini hukuitoa?"

Abrahamu aliirudisha karatasi katikati ya meza.

"Ningeitoa, mngeniuliza swali la pili," akasema, kisha akafumba mdomo kama mtu aliyeropoka, na hakuufumbua tena.

Praxeda aliandika kwenye daftari lake: *Swali la pili.* Akalipigia mstari.

Ziyad alifika saa tatu bila kuitwa, kuhakikisha kwamba mambo yanakwenda. Alikuwa muuza vipuri vya bajaji, mtu wa miaka arobaini, kanzu imenyooka, sauti ya chini. Praxeda alimpa pole ya msiba na kumuuliza kuhusu ndugu yake. Ziyad alijibu kwamba hana la kusema juu ya Huwaida, kisha akasema mengi. Baba aliwafundisha wote wawili mandolini, lakini Huwaida akaamua kwenda kupiga majukwaani, harusi hii na ile, watu wanamtunza pesa mbele ya wanaume. Yeye akamwambia ache, Huwaida akamwambia ashike vipuri vyake. Miaka mitatu sasa hawasalimiani. Hata kumjulia hali mama wamegawana siku ili wasikutane. Na kama afande angetaka maoni yake, basi fundi ametumwa tu. Aliyemtuma yuko Makorora.

Praxeda akamuuliza kama mama yake alihojiwa.

"Mama yuko eda, afande. Hajui kitu, na sitaki ajue. Baba ndiye huyo kaondoka, leo nimwambie na mandolini yake imeibwa? Pale kwenye msumari nimetundika kalenda, asije akaona pengo."

Alisema hivyo kwa upole wa kweli, na Praxeda alimpenda kidogo kwa ile kalenda. Askari wawili waliokwenda kukagua nyumba ya marehemu wakaona vivyo hivyo: wanaume hawawezi kwenda kumsumbua mjane wa eda. Waliishia barazani, wakaandika, wakaaga kwa adabu.

Praxeda alitia saini kwenye daftari la vielelezo kwamba anaitoa mandolini kwa ajili ya utambuzi, akailaza kwenye kiti cha nyuma cha gari, juu ya blanketi, akaendesha taratibu hadi Makorora.

Nyumba ya Huwaida ilikuwa ya vyumba viwili nyuma ya duka la mkaa, na udi ulimpokea mgeni kabla ya mwenyeji kufungua mlango. Mapazia yalinuka udi, mito ilinuka udi, na kanga aliyojitupia Huwaida begani ilinuka udi pia ingawa ilikuwa bado mbichi kutoka kwenye kamba. Praxeda alizaliwa kwenye kambi ya mkonge, babu yake alikuja kukata mkonge akabaki, lakini alipanga miaka saba kwenye nyumba za watu hawa wa pwani na alijua: nguo zao hata ukizifua mara tatu, harufu haitoki. Basi ile kanga ya sabuni tupu haikutoka hapa.

Huwaida alikuwa na miaka thelathini na minne, mcheshi mwenye macho yaliyochoka. Alinyanyua chupa ya chai kwa mkono wa kushoto, akamimina, halafu akakihamishia kikombe mkono wa kulia ndipo akampa mgeni. Praxeda aliona, akanywa chai yake kwanza.

Habari ya kuibiwa mandolini hakuwa nayo; msumari mtupu alikuwa ameuona, akadhani Mama ameihifadhi kabatini. Alipoambiwa, akadhani kaka yake ndiye aliyeificha, na akaanza kusema maneno ambayo Praxeda aliyaacha yapite bila kuyaandika. Kisha Praxeda akaileta ndani, akaiweka mkekani na kufunua blanketi.

Huwaida alikaa chini. Alinyoosha mkono wa kulia, vidole vikashika shingo ile mpya mahali pake kama vile imekuwa yake siku zote, na mkono wa kushoto ukateremka wenyewe kwenye tumbo, pa kupigia. Vidole vilienea bila kuzidi wala kupungua.

"Mimi ni shoto," akasema. "Nyumba nzima walikuwa wakinipiga vikofi nile kwa mkono wa kulia, na kwa kula nilijifunza. Mandolini sikuweza. Tulikuwa na moja tu. Asubuhi Baba anafunga nyuzi za Ziyad. Baada ya sala ya alasiri anazifungua zote nane, anazigeuza, anazifunga za kwangu. Kila siku. Mimi nalia zamu yangu imechelewa, Ziyad analia zamu yake imekatwa. Baba anageuza tu nyuzi, wala hasemi."

Praxeda akamwonyesha karatasi. Huwaida hakuhitaji kuisogeza karibu. Ulikuwa mwandiko wa baba yake, alisema, mwandiko wa baada ya kiharusi, wa mwaka huu. Machozi yakamtoka, na hakuyaficha.

Sasa swali la kwanza lilikuwa na jibu. Badr mwenyewe ndiye aliyeagiza, akiwa hai. Lakini mandolini ilitoka nyumbani wiki tatu zilizopita, na Badr ana miezi mitatu kaburini. Hilo ndilo lilikuwa swali la pili, na Abrahamu alikuwa tayari kufungwa kuliko kulijibu.

Praxeda alitoa vile vipande vya uzi. Akamwomba Huwaida atanue kiganja, akalaza kile kifupi kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Fundo na fundo vilikaa sawasawa. Akamuuliza kama kuna mtu amewahi kumpima mkono. Huwaida alifuta uso kwa upande wa kanga, akafikiri, akasema hapana, labda Mama tu, mwezi uliopita. Alimpima kwa uzi wake wa kushonea kofia, akasema eda ikiisha atamnunulia bangili.

"Bangili hupimwa kiganja kilichotanuliwa?" Praxeda akauliza.

Huwaida akamtazama.

"Nilidhani ni huzuni," akasema. "Mtu akifiwa hufanya mambo, humuulizi."

Hapo ndipo palipokuwa na kosa la wote, na Praxeda alijihesabu na yeye humo, maana jalada alikuwa nalo tangu jana. Mjane wa eda anakaa miezi minne na siku kumi, hatoki, hajipambi, hafukizi udi wala hajipaki marashi. Chumba ambamo mandolini ilitundikwa hakikuachwa mtupu hata saa moja tangu mazishi. Mwizi gani angeingia humo? Na watu wote, kwa heshima, kwa mapenzi, kwa kutotaka kumwongezea uchungu, walimuuliza kila mmoja mtaani isipokuwa mtu pekee aliyekuwa chumbani.

Ilikuwa Alhamisi, siku ya Huwaida ya kumwona mama. Wakaenda pamoja. Njiani Praxeda alimpigia simu Ziyad, akamwambia aje Raskazone sasa hivi, na hapana, si siku yake, anajua, aje hivyo hivyo.

Nyumba ya marehemu Badr ilikuwa ya zamani, ya ghorofa moja, kuta nene, madirisha marefu ya kijani yaliyofifia. Praxeda alivua viatu na kujitanda mtandio. Bi Shamsiya alikuwa ameketi kitandani, chumba cha chini, kwa nguo nyeupe, miguu ameikunja, anashona kofia. Sindano inaingia na kutoka, na uzi ulikuwa ule ule. Ukutani, mbele yake, kalenda ya duka la vipuri.

"Shikamoo, Bi Shamsiya. Poleni na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa. Karibu, kaa hapa."

Praxeda alikaa. Mwanzo wa mahojiano alikuwa amekwisha kuupanga kwenye gari, lakini alipoiona ile kalenda kwa macho yake akaanza na kalenda. Nani ameitundika?

Bi Shamsiya alitabasamu kwa mara ya kwanza.

"Ziyad. Anadhani sijui pale palikuwa na nini. Nimelala mbele ya msumari ule miaka arobaini na moja."

Hakuna aliyekuwa amemwambia kitu. Praxeda ndiye aliyemwambia: kwamba Ziyad alishitaki, kwamba fundi yuko mahabusu tangu jana, kwamba kesho saa tatu anapelekwa mahakamani, na kwamba mpaka saa hii hajataja jina la mtu. Sindano ikasimama nusu kitambaani. Bi Shamsiya aliiweka kofia chini, akashika kichwa.

"Amekaa ndani kwa ajili yangu?"

"Hajakutaja hata mara moja."

Alilia, na Huwaida alimshika, na Praxeda akasubiri na daftari lake limefungwa. Alipotulia alieleza yote kwa mpangilio, kama mtu aliyeyapanga kwa siku nyingi akingoja kuulizwa.

Marehemu aliona mbali. Alisema nikifa wataigombea. Atakayeipata ataitundika ukutani, atakayeikosa ataweka kinyongo. Kumwandikia mmoja wasia hakufai, dini hairuhusu mrithi kuusiwa. Basi atawaachia kitu ambacho mmoja wao hawezi kukitumia peke yake. Akamwita Abrahamu, ambaye ndiye amekuwa akimtengenezea mandolini hiyo kwa miaka thelathini, wakakaa wakachora. Wa mkono wa kulia akae huku, wa mkono wa kushoto akae kule, tumbo liwe katikati, juu ya mapaja ya wote wawili. Fundi akapanua tumbo ili wapate nafasi. Badr akalifuta.

"Alimwambia, usiwape nafasi. Nafasi wanayo miaka mitatu. Nataka wabanane."

Lakini hakutaka kuitoa mandolini akiwa bado anapumua; usiku alikuwa akiigusa. Siku zikamwishia. Bi Shamsiya akabaki na ahadi mkononi na eda mwilini. Akawapima watoto viganja kwa hila. Akampelekea fundi salamu kupitia kwa mkewe, aje alasiri, upande wa uani. Abrahamu alikuja, akasimama nje ya dirisha, macho ardhini. Bi Shamsiya akaipitisha mandolini dirishani ndani ya kanga, na nyuzi za vipimo humo humo. Hawakuzungumza maneno matano.

"Nilijua nakosea. Ilikuwa mali ya warithi, haijagawiwa, sikuwa na haki ya kuitoa peke yangu. Niliitoa. Andika hivyo, mwanangu. Na yeye andika kwamba alinihifadhi. Alijua mtaa huu utasema nini: mjane wa eda, mwanamume dirishani. Nani angengoja kusikia habari ya mandolini?"

Praxeda aliandika. Alimsomea, Bi Shamsiya akatia saini kwa herufi kubwa za mtoto wa shule. Akataka kuinuka, akisema ni dharura na sheria inamruhusu, ataenda kituoni kwa miguu yake. Praxeda alimkalisha. Alimwambia warithi wako watatu, na wawili wako humu. Wa tatu gari lake ndilo hilo linaegeshwa.

Ziyad aliingia akitaka kuuliza kwa nini mama yake anasumbuliwa. Akamwona Huwaida, akasimama mlangoni. Akaiona mandolini juu ya kitanda. Kazi ya Praxeda pale ilikuwa imekwisha. Alimpa tu ile karatasi yenye mstari wa wino, halafu yale maelezo ya mama. Ziyad alisoma amesimama. Alipofika mwisho alirudi mwanzo.

"Ulinipima kiganja," akasema. "Ukasema unanishonea kofia. Na mimi nikanyoosha mkono."

"Ulikuwa na haraka," mama yake akasema. "Kaa."

"Mama—"

"Kaa hapo. Na wewe Huwaida, pale."

Wakakaa ukingoni mwa kitanda, kila mmoja ameacha nafasi ya mtu wa tatu. Bi Shamsiya aliichukua mandolini kwa mikono miwili akailaza mapajani mwao, na haikufika. Tumbo lilikuwa dogo, lilielea katikati. Ilibidi mmoja asogee. Hakuna aliyesogea, na mama yao aliendelea kuishikilia hewani, mikono inaanza kuchoka, hata Ziyad akaona aibu, akasogea. Huwaida naye akasogea. Mkono wa kushoto wa Ziyad ukashika shingo ya zamani, mkono wa kulia wa Huwaida ukashika mpya, na mikono yao ya kupigia ikakutana katikati juu ya tumbo moja, vidole juu ya vidole, kwa sababu hapakuwa na pengine pa kuiweka.

Kupiga hawakupiga. Nyuzi zilikuwa zimelegea, gundi haijashika, na nyumba ya eda haipigwi muziki. Walikaa tu. Praxeda akasikia bajaji ikikata kona mbali.

"Unanisukuma," Ziyad akasema.

"Wewe ndiye unayenisukuma," Huwaida akasema.

Halafu Ziyad akainamisha kichwa, na mabega yake yakaanza kutikisika, na kwa vile walivyobanana, ya Huwaida yakatikisika nayo. Bi Shamsiya aliokota kofia yake akaanza kutafuta sindano, akiwa haoni vizuri. Praxeda alitoka barazani. Alikuwa na haraka ya kwenda kuangalia gari, ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Saa tisa Ziyad alikuja kituoni na kuandika, kwa mkono wake mwenyewe, kwamba warithi wote wanakubali, kwamba hapakuwa na wizi, na kwamba anamwomba radhi mlalamikiwa mbele ya mashahidi. Aliomba pia jirani asielezwe habari ya dirisha, na Praxeda akamwambia jalada la polisi si gazeti. Ziyad alimngojea mzee nje, kwenye gari, ampeleke Pongwe mwenyewe.

Abrahamu alirudishiwa mkanda, simu na Biblia ndogo. Alitia saini alipoonyeshwa. Praxeda alimweleza kwa kifupi kwamba Bi Shamsiya amesema yote kwa hiari yake na jina lake li salama, na mzee akatikisa kichwa, akashukuru, lakini hakuondoka. Aliuliza kama kuna mtu amekaza nyuzi. Hakuna. Akauliza iko wapi. Iko Raskazone, kivulini, na wameambiwa nyuzi zisikazwe mpaka eda iishe. Zimebaki siku arobaini, gundi itakuwa imekauka siku nyingi. Bado hakuondoka. Alikuwa akiizungusha kofia yake mikononi.

"Wamekaa nayo?" akauliza.

"Wamekaa nayo."

"Pamoja?"

"Pamoja, mzee wangu. Kaka kushoto, dada kulia."

"Mabega yaligusana?" Sauti yake ilikuwa imepungua. "Mimi sijawahi kuwaona wamekaa, afande. Yale ya vidole niliyapata kwa uzi. Haya ya mabega nilikisia tu, kwa neno la marehemu."

"Yaligusana," Praxeda akasema.

Abrahamu alivaa kofia yake, akajipangusa macho kwa kiganja chenye vumbi la mbao.

"Basi kipimo kilikuwa sawa," akasema, akatoka.